Tairi lina meno kama jipya, limenipasukia karibu na Hedaru. Wenye ujuzi wa matairi shusheni nondo

#1 mpare_mtoro

Wakuu habari zenu. Nianze kwa kusema watu wote saba tuliokuwa kwenye gari ni wazima, mtu asisome huu uzi roho ikiwa juu.

Desemba tulikuwa tunapanda Usangi kama kawaida yetu Wapare, mwaka mzima tumetawanyika halafu Krismasi ile barabara ya Korogwe kwenda Same inakuwa yetu. Gari ni Noah. Watu wazima wanne, watoto watatu, gunia la mchele, madumu mawili ya mafuta ya kula na mabegi ya mke wangu ambayo sitayazungumzia. Tumepita Mkomazi saa saba mchana, jua la ukanda ule mnalijua, lami kwa mbele inameremeta kama imemwagiwa maji. Niko 90 hivi. Nikaanza kusikia mtetemo kwenye kiti, siyo kwenye usukani, kama tunapita juu ya vijiti. Nikamwambia mama watoto, "Barabara hii nayo wameiacha imeharibika." Hazikupita dakika tano, pwaa! Nyuma kulia.

Gari likavuta kulia. Nilikumbuka kitu kimoja tu alichonifundisha marehemu baba mkwe: tairi likipasuka usikanyage breki. Nikashika usukani mikono miwili, nikaachia mafuta, likapoa lenyewe hadi nikaingia pembeni. Nyuma yetu kulikuwa na basi. Lilipita na honi ndefu, nadhani dereva naye alikuwa ananiombea.

Sasa kilichonileta hapa: tairi lile lina meno! Nililinunua Mei pamoja na mwenzake, duka moja hapa Dar, nikaambiwa mapya kabisa. Yanang'aa, yana vile vinyweleo vya mpira. Fundi pancha wa Hedaru, mzee mwenye balaghashia, hata hakujishughulisha na palipopasuka. Aligeuza ubavu, akapangusa vumbi kwa kidole gumba, akaniambia soma hapa. Pameandikwa DOT, zikafuata herufi herufi, mwishoni kabisa 0814. "Wiki ya nane, mwaka 2014. Hili kaka yake huyu mtoto wako." Mwanangu wa pili ana miaka tisa.

Akapima upepo wa matatu yaliyobaki: 26, 27 na 31. Kwenye nguzo ya mlango wa dereva kuna kibandiko kimeandikwa 240. Miaka minne niko na gari hili sijawahi kujua hiyo 240 ni ya nini. Nikafunga spea, nikamwambia mzee ajaze zote sawa, 35, tukaendelea na safari.

Naomba tufundishane. Naandaa mkeka.

#2 Pangaboi

Pole mkuu. Ila hayo mabegi ya shemeji ungeyazungumzia tu, ndiyo ushahidi wenyewe 😂

#3 FundiSpana

Pole sana. Mimi ni mtu wa gereji mwaka wa 19 huu.

Hiyo 240 ni kPa, kipimo cha upepo wa tairi. Magari ya Japani ndivyo yanavyoandika, na mara nyingi pembeni yake wanaweka 2.4. Kwa geji zetu za psi, 240 ni 35, na 220 ni 32. Wewe ulikuwa unatembea na 26, watu saba, mchele na mafuta.

Watu wanaamini tairi linapasuka kwa upepo mwingi. Kwa ninayoyaona mimi ni kinyume. Tairi lenye upepo kidogo linalala, ubavu unajikunja kila linapogusa chini na kujinyoosha likinyanyuka. Tairi la Noah, 195/65R15, linazunguka kama mara 500 kwa kilomita moja. Kwa mwendo wako wa 90 hiyo ni mara 750 kwa dakika. Chukua kipande cha waya, kikunje na kukikunjua harakaharaka, halafu shika pale pa kukunjia. Umeona moto? Ndicho kilichokuwa kinatokea ndani ya ubavu toka mmetoka Dar. Joto linalegeza mshikamano wa mpira na nyaya za ndani, tabaka zinaanza kuachana. Tairi la zaidi ya miaka kumi mpira wake umeshakauka, halihitaji kushawishiwa sana. Ule mtetemo wa kwenye kiti ndio tabaka zilikuwa zinaachana. Ukitetemeka usukani, anza kushuku ya mbele. Ukitetemeka kiti, ya nyuma. Siku nyingine simama.

Meno hayakuambii umri. Tairi linaweza kukaa dukani au stoo ya bati miaka minane, meno yapo yote na vinyweleo vyake. Mimi zaidi ya miaka sita nakuwa na mashaka nalo, kumi sitaki hata kulifunga gereji kwangu. Kabla hujatoa hela mwambie muuzaji aligeuze. Namba ya tarehe mara nyingi ipo ubavu mmoja tu, na kwa bahati ya ajabu huwa ndio ubavu uliogeuziwa ukutani.

#4 Mtaalamu_wa_Mwembeni

Tatizo lote linaisha ukiweka naitrojeni. Mimi naweka naitrojeni psi 40 zote nne, gari linateleza tu na mafuta linakunywa kidogo. Upepo wa kawaida una maji ndani.

#5 FundiSpana

Mkuu, huo upepo wa kawaida wa kwenye kompresa asilimia 78 yake ni naitrojeni tayari. Ukiipata bure weka, haidhuru. Inayodhuru ni hii tabia ya mtu kuweka naitrojeni akadhani amesamehewa kupima, geji haioni tena mpaka mwakani.

Na 40, kama kibandiko cha gari lako ni 32, nenda kaangalie tairi zako sasa hivi: katikati zimeisha, mabegani bado. Tairi limevimba linakanyaga kwa kitumbo tu, mvua ikinyesha huna mshiko. Likiisha mabega yote mawili, hilo lilikuwa na upepo pungufu. Bega moja tu, hapo ni alaimenti, yaani tairi halijakaa limenyooka, au bushi na boljointi zimechoka na alaimenti hata ukifanya kesho itarudi. Ukipitisha kiganja ukasikia mabonde mabonde, angalia shokapu na balansi.

Pimeni asubuhi gari halijatembea. Ukishaendesha tairi limepata moto, geji itasoma juu, wewe utapunguza, na kesho asubuhi uko chini ya kiwango.

#6 Mtaalamu_wa_Mwembeni

Nimetoka nje kuangalia. Sina la kuongeza.

#7 Mama Junior

Na mimi niulize. Noah ya baba Junior amebadilisha akaweka 205/70R15 ili inyanyuke, barabara ya kwetu Kivule ina mashimo. Tangu hapo tumekula tochi ya trafiki mara mbili na anaapa alikuwa 50. Inahusiana?

#8 Hesabu_Tu

Inahusiana dada, lakini siyo kwa kiasi anachoapa.

Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya huo upana, ya mwisho rimu kwa inchi. 195/65R15: ubavu ni milimita 127, mara mbili, jumlisha rimu milimita 381, kimo ni kama 635. 205/70R15: ubavu 143.5, kimo 668. Tairi jipya ni refu kwa asilimia 5 na kidogo. Kila mzunguko gari linasogea zaidi ya inavyodhani mita ya mwendo. Mita ikisoma 50, kweli mko karibu 53.

Ila mita nyingi kutoka kiwandani zinasoma juu kidogo ya mwendo halisi, hivyo kuna uwezekano tairi limefuta huo msamaha tu. Hiyo faini ya mara mbili mgawane na mguu wake.

La muhimu kuliko tochi: mwambie akate usukani wote kulia, halafu wote kushoto, gari likiwa limejaa watu. Kama tairi linagusa matao ya ndani, siku moja kwenye shimo la Kivule litachanika.

#9 Tunduma_Hadi_Asubuhi

Nimesoma nikacheka mnavyolalamikia tairi nne. Mimi nina kichwa na tela, tairi 22, ukikosea kupima moja tu unaweza kuchoma mzigo wa watu.

Kwetu sisi hakuna kutembea bila kugonga. Kila ninaposimama, utingo anashuka na kipande cha nondo, anagonga tairi moja moja. Lenye upepo linarudisha nondo na linalia "deng". Lililopungua linasema "dufu" na nondo inabaki hapohapo. Kwa tairi pacha hiyo ndiyo njia ya haraka, maana ukiangalia kwa macho yote mawili yamesimama: lililo zima linambeba mwenzie. Sasa fikiria, 315/80R22.5 ubavuni imeandikwa 156/150. Hiyo 156 ni kilo 4,000 tairi likiwa peke yake, 150 ni kilo 3,350 likiwa pacha. Kiwandani kwenyewe wameshapunguza wakijua pacha hawagawani mzigo sawasawa. Wewe moja limeisha upepo, lililobaki linabeba zaidi ya kilo 6,000. Na lile bovu linazunguka limelala, linasuguana na mwenzie, linapata moto. Likianza kufuka moshi huna muda, maji ya dumu lako la kunawia hayatalizima. Mimi nilishaona tela limebaki chuma tupu, na chanzo ni tairi moja la ndani.

Jiwe nalo. Ukitoka kwenye kifusi, chungulia katikati ya pacha. Jiwe la ukubwa wa ngumi likibana pale linakula ubavu wa tairi zote mbili taratibu, au linachomoka na kuingia kioo cha aliye nyuma yako.

Watu wakiona yale magamba ya tairi barabarani wanasema tairi za kuvishwa hizo, yaani za zamani zilizobandikwa meno mapya. Mimi natumia za kuvishwa kwenye tela miaka yote. Ikivishwa kwenye kiini kizima na ukatunza upepo inaenda vizuri. Mengi ya magamba yale ni upepo pungufu, hata tairi jipya linavuka nguo. Ila mbele, kwenye usukani, siweki ya kuvishwa hata unipe bure. Ya nyuma ikipasuka kuna mwenzie. Ya mbele ikipasuka umebaki wewe na Mungu wako.

Na Kitonga. Anayeshuka Kitonga kwa kukanyaga breki mwanzo mwisho anapika matairi. Joto la ngoma linaingia kwenye rimu, rimu inaunguza mdomo wa tairi. Anafika chini salama, anashukuru, anapasukiwa Mbuyuni akiwa tambarare na hajui kwa nini. Shuka na gia uliyopandia.

#10 Pangaboi

"Hata tairi jipya linavuka nguo" 😂😂 hii naichukua

#11 Mswahili_Uppsala

Niko Sweden, nadandia uzi kwa sababu kuna jambo nikija likizo Dar naliona kwenye parking kila mahali na hakuna anayeligusa.

Magari mengi yanashuka bandarini kutoka Japani na tairi za theluji. Nendeni mkasome ubavuni. Mkikuta neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani, hilo tairi lilitengenezwa kwa ajili ya Hokkaido, siyo Mbagala. Meno yake yana mikato myembamba mingi kama imepitishwa wembe, ukibonyeza kwa ukucha linabonyea.

Huku kwetu kisheria kuanzia 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na hali ya baridi lazima ufunge hayo, na meno yasipungue milimita 3. Ni matairi mazuri mno kwenye baridi. Mpira wake umechanganywa ubaki laini, wakati mpira wa tairi la kawaida unaanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Sasa laini ya barafuni, ukiileta kwenye lami ya Dar saa nane mchana inakuwa kama jojo. Linaisha harakaharaka, gari linayumbayumba ukikata kona, na ukifunga breki kwenye lami yenye maji linachelewa kusimama. Shemeji yangu alikuwa anajisifu tairi zake "za Japani orijino, laini, hazina kelele". Laini kweli!

#12 Kisiki_Cha_Mpingo

Nimetoka kusoma yangu. STUDLESS zote nne. Miaka miwili naendesha hizi na masika mawili yamenikuta nazo. Fundi wangu aliniambia nisizitoe, hizi hazipatikani nchini.

#13 Pangaboi

Kwa kweli hakukudanganya.

#14 Probox_Ya_Meru

Wakuu wa TZ hamjambo. Huku kwetu Kenya mnajua Probox ni punda, na zile za kubeba miraa ndizo zinakimbia kuliko ambulensi. Shida ninayoona: Probox ya van ilitoka kiwandani na tairi zenye LT, za mzigo. Zikiisha mwenye gari anaona zile za saluni ni bei nafuu, saizi inaingia, anafunga. Halafu anaweka mzigo mpaka bampa ya nyuma inabusu lami. Ikipasuka analaumu kampuni ya tairi.

#15 FundiSpana

Umegusa penyewe. Huku ni Hiace za daladala. Hiace inataka 195/80R15 LT yenye 107/105, yaani kilo 975 tairi moja likiwa peke yake. Nimeshatoa kwenye Hiace tairi za gari dogo zilizoandikwa 91. Hiyo ni kilo 615. Zidisha mara nne hufiki hata tani mbili na nusu, na gari lenyewe na abiria waliosimama linapita hapo. Saizi kuingia kwenye rimu siyo ruhusa. Ile namba ya baada ya saizi, na herufi yake ya mwendo (S ni 180, T ni 190, H ni 210), someni kama mnavyosoma bei.

#16 Toyo_La_Sinza

Bodaboda nao wana haki. Sisi tairi ni 2.75-17 mbele na 3.00-17 nyuma, za tyubu. Tunapigwa pancha mno kwa sababu tatu: msumari, msumari, na mishikaki. Ukipakia abiria wawili na upepo mdogo, tairi linajizungusha kidogo kwenye rimu linavuta tyubu, pini ya kujazia inalala upande na kukatika kwenye shina. Hiyo haizibiki, tyubu mpya. Ukiona pini imeanza kuinama, toa upepo, irudishe isimame, jaza. Mimi naweka 28 nyuma nikiwa peke yangu, 32 nikiwa na abiria.

Swali: kuna wanaoweka tyubu ndani ya tairi la gari lisilo la tyubu, ni sawa?

#17 FundiSpana

Ya kukufikisha nyumbani, sawa. Ya kuishi nayo, hapana. Tyubu inasuguana na tairi ndani, joto linaongezeka, na ikitoboka upepo unatoka wote mara moja kupitia tundu la pini, wakati tairi lisilo na tyubu likichomwa msumari hushuka polepole. Mara nyingi mtu anawekewa tyubu kwa sababu rimu imepinda na inavujisha. Nyoosha rimu.

Pancha ya kwenye meno ziba, na kiraka cha ndani ni bora kuliko kamba ya kuchomeka. Pancha ya ubavuni haizibwi. Najua kuna wanaoishona kwa uzi wa viatu, nimewaona.

Halafu wale vijana wa kuosha magari wanaopaka dizeli matairi yawe meusi, wakatazeni. Mafuta yanakula mpira.

#18 Forester_Nyeusi

Nyongeza fupi kwa wenye Subaru na gari zozote zinazovuta tairi nne muda wote. Msinunue mbili mkaacha mbili zilizoisha. Vimo vikitofautiana, mfumo wa katikati unadhani tairi zinateleza kila siku, unapata moto mpaka unakufa. Nilitaka kuokoa bei ya tairi mbili, nikaja kununua giaboksi.

#19 Mama Junior

Kwa sisi tunaovuta mbele, nikinunua mbili niweke wapi? Baba Junior anasema mbele, ndiko kwenye injini na usukani.

#20 FundiSpana

Nyuma dada. Najua nitapingwa.

#21 Tunduma_Hadi_Asubuhi

Napinga. Ya mbele ikipasuka?

#22 FundiSpana

Mkuu, kwa semi lako sibishani. Gari dogo kwenye mvua, ya mbele ikiteleza gari linakwenda mbele tu, unaachia mafuta linarudi. Ya nyuma ikiteleza kwenye kona gari linageuka linakuangalia ulikotoka, na si kila dereva anaweza kulirudisha. Lakini hili linahusu meno tu. Kama zilizobaki ni za mwaka 2014, hazifai mbele wala nyuma. Na meno yakifika kwenye vile vinundu vya ndani ya mifereji (ubavuni kuna TWI au kipembetatu kinachoonyesha vilipo), imebaki milimita 1.6, kwa masika hiyo ni kama kuvaa ndala kwenye vigae vyenye sabuni.

#23 mpare_mtoro

Wakuu nimesoma yote, nimenunua geji yangu, na leo asubuhi kabla ya kuwasha gari nimepima kama mlivyosema. Mwenzake lile lililopasuka nimelitoa, nalo 0814.

Sasa nikakumbuka spea. Tangu tumerudi safari ile ya Krismasi ikarudishwa mahali pake sijaigusa. Ni ile nyembamba. Nimeifuta kwa kitambaa nikaanza kusoma. Imeandikwa 60 PSI. Chini yake, mwendo usizidi 80. DOT inaishia na 3104.

Hiyo ndiyo niliyomwambia mzee wa watu aijaze 35. Ndiyo niliyotoka nayo Hedaru hadi Mwanga nikiwa 100, nikapandisha nayo kona zote za Usangi na watu saba, na Januari nne nikashuka nayo.

Mama watoto amesoma hapa juu ya bega langu. Anauliza mbona mabegi yake yalitajwa.